Michezo ya Ufundi wa Magari: Faida na Hasara Zake kwa Askari

Hakuna jeshi la siku hizi liendalo kwa miguu peke yake. Chakula cha kikosi, maji yake, risasi zake na majeruhi wake huchukuliwa na magari. Polisi naye, aitwapo usiku wa manane kwenda kuokoa watu waliovamiwa na majambazi, hawezi kufika kwa wakati iwapo gari la doria limekataa kuwaka. Kwa hiyo jambo lo lote lihusulo ujuzi wa kutengeneza magari ni jambo la kila askari, wala si la fundi wa karakana peke yake. Leo twataka kulijadili jambo moja la namna hiyo, nalo ni michezo ya kompyuta inayoiga kazi ya ufundi wa magari, ambayo vijana wengi huicheza katika kompyuta na hata katika simu zao za mkononi.

Wako watu wanaoisifu michezo hii kupita kiasi. Wao husema kwamba kijana akiicheza miezi michache atakuwa fundi kamili. Wako wengine wanaoilaani yote pamoja, wakisema ni upuuzi wa watoto usiomfaa mtu aliyekula kiapo cha kulinda nchi. Sisi twaona kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli na kuiacha nusu ya pili. Hapana budi basi tuipime michezo hii kwa mizani, tutaje faida zake bila kuzificha, na hasara zake bila kuzitia chumvi, ili kila afande na kila kuruta aweze kuamua kwa akili.

Kwanza yafaa tueleze michezo yenyewe ni ya namna gani. Mmoja ulio mashuhuri sana ni ule uitwao Car Mechanic Simulator, kazi ya kampuni ya Red Dot Games ya Poland. Toleo la 2014 lilifuatwa na ya 2015, 2018 na 2021, na yako pia matoleo ya simu. Mchezaji hupewa gereji. Mteja huleta gari na malalamiko yake: gari lapiga kelele mbele, au breki hazishiki, au injini haiwaki. Mchezaji hulipandisha gari, hulifungua, hutafuta kilichoharibika, hununua kipuri kipya, hukifunga na kulipwa ujira wake. Kila kipuri huonyeshwa uzima wake kwa hesabu ya asilimia. Pesa zikiongezeka, mchezaji hununua vyombo bora zaidi vya karakana, kama vile kifaa cha kuinulia injini na kifaa cha kusawazishia magurudumu.

Mwingine wa namna tofauti ni My Summer Car, uliotungwa Finland na kuanza kuuzwa mwaka 2016. Hapa mchezaji hukuta gari dogo la kale limevunjwa vipande vipande katika gereji ya kijijini, wakati wa kiangazi cha mwaka 1995, naye hutakiwa aliunganishe mwenyewe. Mchezo huu haumdekezi mtu. Kila bolti ina kipimo chake cha spana, na bolti iliyosahauliwa italegea njiani. Kabureta, valvu na wakati wa kutoa cheche hurekebishwa kwa subira. Mwenye kuwasha injini isiyo na oili huiua injini hiyo, na dereva wa ovyo aweza kufa ajalini na mchezo ukamwishia hapo hapo.

Sasa tuzitazame faida. Ya kwanza ni kujua majina ya vipuri na mpangilio wake. Askari wengi wameendesha magari miaka mingi bila kujua kilichomo chini ya boneti. Wakiulizwa tofauti ya kiingizio cha hewa na kitoleo cha moshi, hunyamaza. Katika Car Mechanic Simulator mchezaji hawezi kuifikia pistoni kabla hajaondoa vilivyo juu yake na vilivyo chini yake. Atafungua kifuniko cha valvu, silinda hedi, sampu ya oili na vishikizo vya konrodi. Akirudia kazi hiyo mara kumi, picha ya injini hukaa kichwani mwake. Tena majina huandikwa kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya vitabu vingi vya magari na ya maboksi ya vipuri tunavyoletewa. Kijana aliyezoea Kiswahili cha kambini hujifunza hapo kwamba kile alichokiita kwa jina la mtaani kina jina jingine katika kitabu cha ghala, na siku atakapoandika ombi la kipuri hataletewa kitu asichokitaka.

Faida ya pili ni kutafuta ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Fundi mbaya hubahatisha. Gari likigoma hubadili plagi. Lisipowaka hubadili pampu ya mafuta. Lisipowaka tena hubadili betri. Na mwishowe hugunduliwa kwamba ni fyuzi moja ndogo iliyokatika. Gharama zote hizo hubebwa na mwenye gari, na gari la serikali ni mali ya mwananchi alipaye kodi. Michezo hii humfundisha mchezaji kupima kwanza. Humo mna kifaa cha kupima mgandamizo wa silinda, kifaa cha kupima umeme, kifaa cha kupima msukumo wa mafuta, na kompyuta ndogo inayochomekwa garini ili isome makosa yaliyorekodiwa na mitambo. Mwenye kubadili vipuri ovyo hupata hasara, naye huona hesabu ya hasara yake pale pale.

Jambo hilo la kompyuta ndogo si dogo hata kidogo. Marekani ilishurutisha magari yote mapya ya abiria, tangu yale ya mwaka 1996, yawe na tundu la namna moja la kuchomekea kifaa hicho, na nchi nyingine zikafuata. Magari mengi ya dizeli ya leo hayategemei tena pampu ya kale iliyoweza kurekebishwa kwa spana na bisibisi. Humo mna sensa, nyaya na kompyuta inayoamua ni mafuta kiasi gani yaingie katika silinda. Hapa Uganda kwenyewe, gari la umeme la Kiira EV lilionyeshwa mwaka 2011 na watu wa Chuo Kikuu cha Makerere, na baadaye yakaja mabasi ya Kayoola ya kampuni ya Kiira Motors. Askari anayeogopa kompyuta leo ataliogopa gari kesho. Ikiwa mchezo waweza kumwondolea woga huo, tusiudharau.

Faida ya tatu ni kwamba kosa la mchezo halimgharimu mtu mkono wala halimalizi vipuri vya ghala. Injini halisi haiwezi kufunguliwa na makuruta arobaini, mmoja baada ya mwingine, bila bolti zake kuchakaa na gasketi zake kuharibika. Injini ya kwenye kioo yaweza kufunguliwa mara elfu ikabaki vile vile. Kwa shule yenye injini moja na wanafunzi wengi, hilo ni jambo la kufikiriwa.

Faida ya nne yahusu maisha ya askari baada ya saa za kazi. Sote twajua jinsi jioni za kambini zilivyo ndefu, na jinsi pombe na kamari ya mipira zinavyokula mishahara ya vijana wetu. Kijana anayekaa saa moja akitafuta kwa nini gari halishiki breki, hata kama ni gari la picha, ni afadhali kuliko yule anayeipoteza pesa ya karo ya mtoto wake kwa kubashiri timu ya Uingereza. Na zaidi ya hayo, siku ya kustaafu yaja kwa kila mmoja wetu. Askari anayevua magwanda bila ufundi wo wote hurudi nyumbani na kiinua mgongo ambacho, bila kazi ya kukizalisha, huisha upesi. Kama mchezo waweza kuamsha hamu ya ufundi katika moyo wa kijana angali na nguvu, basi umemtangulizia fadhila kubwa.

Hizo ndizo faida, nazo si haba. Lakini yafaa tuseme waziwazi kwamba hasara zake ni nzito, na nyingine zaweza kuua.

Hasara ya kwanza ni kwamba mchezo haufundishi mkono. Katika Car Mechanic Simulator mchezaji hubonyeza kitufe na bolti ikafunguka yenyewe. Bolti hiyo haijashikwa na kutu kwa miaka kumi na miwili. Haikatiki kichwa. Haiviringishi pembe zake kwa sababu spana ilikuwa kubwa kuliko inavyotakiwa. Kila fundi anajua kwamba nusu ya kazi yake ni kupambana na bolti kaidi: kuitia mafuta ya kulegeza, kuipasha moto, kuigongagonga, kuisubiri. Kadhalika kukaza bolti ni elimu ya kiganja. Ukikaza kidogo, italegea. Ukikaza kupita kiasi, utakata uzi wake au utapinda kitu. Bolti za silinda hedi hukazwa kwa utaratibu maalumu, kwa kawaida kuanzia katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua, kwa spana inayopima nguvu ya mkazo. Asiyefuata utaratibu huo aweza kuipinda hedi, na maji yakaingia katika silinda. Mambo hayo hayaingii katika kiganja cha mtu kwa kubonyeza kitufe.

Hasara ya pili ni kwamba mchezo hauna harufu, na sauti zake ni chache. Fundi hodari husikiliza na kunusa kabla ya kushika spana. Moshi wa buluu humwambia kwamba oili yaungua ndani ya silinda. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto humwambia kwamba pengine maji yanaingia mahali pasipotakiwa. Moshi mweusi humwambia kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa. Harufu ya klachi inayoungua haifanani na harufu ya waya unaoungua, na dereva asiyejua tofauti hiyo aweza kuendelea na safari hadi gari liwake moto akiwa na abiria nyuma. Mwili mzima wa mtu ni chombo cha kupimia, nao hufunzwa karakanani tu.

Hasara ya tatu ni kubwa kuliko hizo, kwa maana yahusu uhai. Mchezo hauna hatari, na mtu aliyefundishwa bila hatari hujifunza kutoiogopa. Gari la kwenye kioo halimwangukii mtu. Gari halisi lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bila stendi za chuma wala vizuizi vya magurudumu, laweza kuteleza na kumponda aliye chini yake. Kifuniko cha radieta kikifunguliwa injini ikiwa moto, maji yachemkayo humrukia mtu usoni. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka kwa cheche ndogo. Na katika magari ya umeme, nguvu iliyo ndani ya betri zake yaweza kumwua fundi kwa mguso mmoja. Kijana aliyecheza usiku kucha bila kuumia hata kidole aweza kuingia karakanani asubuhi akiwa na ujasiri wa kipofu ukingoni mwa shimo.

Tuchukue mfano wa breki, kwa kuwa breki ndizo zinazotenganisha safari na msiba. Katika mchezo, kipuri cha breki kikibadilishwa gari huwa zima. Katika maisha, ukiufungua mfumo wa breki hewa huingia katika mirija, na hewa hubinywa, wala haisukumi kama mafuta ya breki yasukumavyo. Hapana budi hewa hiyo itolewe gurudumu moja baada ya jingine, mpaka pedali iwe ngumu mguuni. Tena mafuta ya breki hunyonya maji kidogo kidogo kutoka katika hewa. Yakizeeka huchemka upesi breki zinapopata moto, na hapo pedali huzama mpaka chini. Dereva anayeteremka milima ya Kabale au Kisoro na lori lililojaa askari anahitaji fundi aliyeyajua haya kwa mguu wake mwenyewe. Fundi aliyeona alama ya kijani kwenye kioo na kusema kazi imekwisha hamfai.

Hasara ya nne ni kwamba mazingira ya mchezo si mazingira yetu. Katika Car Mechanic Simulator duka la vipuri halifungwi, kipuri huja mara moja, na daima ni kipuri halisi. Fundi wa kikosi hana bahati hiyo. Yeye hungoja, na wakati mwingine hupewa kipuri cha bandia chenye boksi zuri. Ujuzi wa kukitambua kipuri cha bandia kwa uzito wake, maandishi yake na uchomeleaji wake hupatikana kwa kushika vipuri vingi, kama wafanyavyo mafundi wa Katwe na wauza vipuri wa Kisekka jijini Kampala. Mchezo haujui vumbi la Karamoja linaloziba chujio la hewa kabla ya siku zake, wala matope ya Bundibugyo yanayokula beringi za magurudumu. Askari wa Uganda walipotua Mogadishu Machi 2007, na katika miaka yote iliyofuata, magari yao yalipaswa kutembea katika joto, mchanga na chumvi ya bahari, chini ya vitisho vya mabomu ya barabarani. Mahali pa namna hiyo, gari linaloharibika huwasimamisha watu mahali ambapo adui angependa wasimame.

Hasara ya tano ni wakati na usingizi. Michezo hii imetungwa kwa werevu ili mtu aseme, "Nimalizie gari hili moja tu," kisha jingine, mpaka kupambazuke. Raia akisinzia ofisini, kazi yake huchelewa. Askari akisinzia lindoni, wenzake hufa. Hakuna mchezo, hata uwe na elimu namna gani, unaostahili kununuliwa kwa usingizi wa mlinzi au wa dereva atakayeondoka alfajiri.

Hasara ya sita ni ya siri, nayo yawahusu askari kuliko watu wengine wote. Mwezi Julai 2021, mchezaji mmoja wa mchezo wa vifaru na ndege uitwao War Thunder alibishana na wenzake juu ya namna kifaru cha Uingereza, Challenger 2, kilivyoigwa mchezoni. Ili ashinde ubishi huo, alitoa hadharani kurasa za kitabu cha kifaru hicho zisizoruhusiwa kuonwa na watu wote. Mwaka ule ule jambo kama hilo likatokea tena kuhusu kifaru cha Ufaransa kiitwacho Leclerc. Tazama jinsi mtego ulivyo mdogo! Hakuna jasusi aliyelipa fedha wala aliyevunja kufuli. Majivuno ya mjuzi aliyetaka kuonyesha kwamba yeye ndiye ajuaye gari hilo kweli yalitosha. Vivyo hivyo, Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya Strava, programu ya simu inayorekodi mbio za mazoezi, ilionyesha njia za askari waliokimbia ndani ya kambi zao za ng'ambo. Askari anayecheza kwa intaneti pamoja na watu asiowajua, akaanza kueleza jinsi gari la kikosi chake linavyotengenezwa, unene wa bati lake, au idadi ya magari yaliyolala karakanani, amefungua lango la kambi kwa mdomo wake.

Basi, tuamue nini? Je, kitu cha mchezo chaweza kuwa mwalimu wa jeshi? Historia yatupa jibu lililo wazi, nalo lafaa kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Mwaka 1929 huko Marekani, Edwin Link, kijana aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda, alitumia valvu, mifuko ya hewa na pampu za vinanda kuunda kijisanduku chenye umbo la ndege ndogo. Mtu aliketi ndani yake, akashika usukani, nacho kikainama na kugeuka kama ndege iliyo angani. Link alitumaini kuwauzia wenye shule za urubani, lakini wengi hawakukijali, na wanunuzi wake wa mwanzo wakawa ni wenye viwanja vya burudani. Mashine ya kufundishia marubani ikawa pembea ya kulipia.

Mwaka 1934 serikali ya Marekani ililipa jeshi lake la anga kazi ya kuchukua barua. Marubani walizoea kuruka mchana kweupe, nao sasa walitakiwa waruke usiku, katika theluji na ukungu, kwa kutazama saa na mishale ya vyombo tu. Katika muda wa majuma machache marubani kadhaa walikufa. Ndipo jeshi likanunua sanduku sita za Link. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, maelfu ya sanduku hizo, zilizokuwa na rangi ya buluu, zilitumiwa na nchi nyingi, na marubani wasiohesabika wakajifunza humo kuruka gizani kabla ya kuruka gizani kweli.

Ni kitu gani kilichoigeuza pembea ile ikawa mwalimu? Mitambo yake ilikuwa ile ile. Kilichoongezwa kilikuwa meza. Kando ya sanduku aliketi mkufunzi, akazungumza na mwanafunzi kwa simu ya masikioni, na mbele yake chombo kidogo kikachora juu ya karatasi njia yote aliyoifuata mwanafunzi. Somo lilipokwisha, wote wawili waliitazama karatasi ile. Mwanafunzi hakuweza kudanganya, na mkufunzi hakuweza kupendelea. Kisha mwanafunzi alikwenda kwenye ndege halisi, akaruka na mwalimu, akapimwa tena. Hakuna aliyepewa mabawa ya urubani kwa sababu aliketi sandukuni.

Tunao pia mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2008 kampuni za Nissan na Sony zilianzisha mashindano ya kutafuta madereva wa mbio kutoka miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo. Mshindi wa kwanza, Mhispania Lucas Ordóñez, alifika hatimaye katika mashindano ya Le Mans. Watu hupenda kusema kwamba mchezo ulimfanya dereva. Wasichosema ni kwamba baada ya kushinda aliwekwa katika mafunzo makali, akaendeshwa katika magari halisi na walimu halisi, mpaka alipostahili kupewa leseni ya mbio. Mchezo ulimchagua, mafunzo ndiyo yaliyomfanya.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Michezo ya ufundi wa magari isipigwe marufuku, wala isipewe heshima isiyostahili. Iwe ubao wa darasani, isiwe karakana. Pale penye shule ya madereva au ya mafundi, na penye kompyuta za mafunzo, mkufunzi aitumie kuonyesha mpangilio wa injini kabla ya kuwapeleka wanafunzi kwenye injini yenyewe. Asubuhi wafungue kwenye kioo. Mchana wafungue kwa mikono injini kuukuu iliyokwisha kufutwa katika hesabu. Mkufunzi asimame kando yao kama yule wa meza ya Link, awaulize kwa nini wamefanya hili kabla ya lile, na awaonyeshe mahali ambapo mchezo unasema uongo. Elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Aidha, cheti kisitolewe kwa mchezo hata siku moja. Mtu apimwe kwa gari lililoharibika kweli, mbele ya fundi mkuu, na baada ya kulitengeneza aliendeshe yeye mwenyewe kwanza. Kipimo hicho cha mwisho kina hekima nyingi, kwa sababu fundi anayejua kwamba atakuwa wa kwanza kukanyaga breki alizozifunga hazifungi kwa mzaha.

Kuhusu siri, sheria iwe fupi ili kila mtu aikumbuke. Kompyuta ya ofisi isitiwe mchezo wo wote, kwa kuwa michezo ya wizi huja na virusi ndani yake. Anayecheza kwa simu yake, nje ya saa za kazi, asitaje kikosi chake, asipige picha gari la kikosi chake, wala asibishane na mtu ye yote kwa kutoa yale aliyoyajua kazini. Afadhali kushindwa ubishi kuliko kupoteza wenzako.

Na kwako, ndugu askari kijana, tunalo neno moja. Ikiwa umeupenda mchezo huu, usiuonee haya, lakini usilale juu yake. Kesho asubuhi kabla gari la kikosi halijatoka, nenda ukasimame na dereva anapolikagua. Tazama oili na maji, shika mkanda wa feni uone kama umelegea, tazama ncha za betri, washa taa zote, piga teke kila tairi na kukaza kila nati ya gurudumu, kanyaga breki na kusikia ugumu wake. Yale uliyoyaona kwenye kioo yatafute mahali yalipo. Kisha nenda kwa fundi wa karakana, mpigie saluti kama ni mkubwa wako, umwombe akuruhusu umshikie taa anapofanya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na fundi huwa na mengi ya kumwambia mtu anayemshikia taa vizuri.

Wakufunzi nao wasimfukuze kijana wa namna hiyo wala wasimcheke kwa kuwa alianzia mchezoni. Kikosi kinahitaji watu wenye hamu ya kujua, na hamu ikishapatikana, kazi iliyobaki ni kuipa spana.